Mama atakunywa dawa ya mionzi: je, wajukuu wamkimbie?

SWALI: "Mtaalamu, shikamoo. Naandika kutoka Tukuyu. Mama yangu ana miaka 63 na ana rovu, ule uvimbe wa tezi ya shingoni, tangu usichana wake huko Makete alikozaliwa. Mwaka huu amekonda, mikono inatetemeka, moyo unamwenda mbio hata akiwa amekaa tu. Walimpima Mbeya wakasema tezi yake inafanya kazi kupita kiasi, sasa ana rufaa ya kwenda Dar es Salaam kunywa dawa ya mionzi. Nyumbani kuna watoto wawili wadogo wanaolala naye kitanda kimoja, na mimi nina ujauzito wa miezi mitano. Majirani wanasema akirudi tusimguse. Jirani yetu mmoja aliyechomwa mionzi Ocean Road kwa saratani ya shingo ya kizazi ametengewa kikombe na sahani mpaka leo. Kaka yangu yuko kambi ya ujenzi wa barabara, anabeba kisanduku cha njano chenye alama kama feni, hulala nacho chumba kimoja kisije kikaibwa. Halafu mwanangu wa darasa la saba alikwenda ziara Isimila, kule Iringa kwenye zana za mawe za kale, akaambiwa umri wa pale ulipimwa kwa mionzi. Aliokota jiwe, sasa ameliacha nje, anaogopa kuligusa. Tufanyeje?"

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Swali lako limebeba watu wanne: mama, jirani, kaka na mtoto. Majirani wamewatia wote kapu moja kwa sababu neno ni moja. Mimi nitawatenganisha, maana kati ya hao wanne wawili hawana cha kuogopwa kabisa, mmoja atakuwa na mionzi kwa wiki chache, na mmoja analala nayo kila usiku na hakuna aliyeshtuka.

Kuna jambo ninalolirudia kliniki mpaka sauti inakauka: mionzi ni kitu kimoja, chanzo cha mionzi ni kingine. Ukimmulika mtu kwa tochi, mwanga unampiga usoni. Ukiizima, uso wake haubaki unawaka. Tochi ndiyo chanzo. Sasa chukulia mtu ameimeza hiyo tochi ikiwa imewashwa. Hapo atawaka yeye, mpaka betri iishe. Kwa hiyo kila mtu akikutajia mionzi, muulize kwanza: chanzo kiko wapi?

Kwa jirani yenu, chanzo kilibaki Dar es Salaam. Mashine za tiba ya saratani ni za aina mbili. Ya kwanza ina kipande cha kobalti-60 kilichofungiwa ndani ya kichwa kizito cha chuma na risasi, kikifunguliwa dirisha mionzi inatoka, likifungwa basi. Ya pili inatengeneza mionzi kwa umeme, kama eksirei ila yenye nguvu zaidi, na umeme ukikatika haina tofauti na friji iliyozimwa. Wanaotibiwa shingo ya kizazi wengi huongezewa tiba ya ndani pia: mrija unaingizwa, chanzo kidogo kinapita humo, kinakaa dakika kadhaa, kisha mashine inakivuta kurudi kwenye kasha lake. Mgonjwa anaposhuka kitandani amebaki na uchovu, pengine ngozi imebabuka au tumbo linasumbua. Chanzo hana. Mionzi ilikwenda kukata vinasaba vya seli za saratani ili zisizaliane, na seli iliyoharibiwa haigeuki kuwa chanzo.

Nakumbuka bibi mmoja aliyerudi kliniki kwa uchunguzi akiwa na kanga mpya, ndala mpya, hata mkoba mpya. Nikamtania kwamba mavuno ya viazi yamekwenda vizuri. Akasema hapana, wanawe walimchomea nguo zote alizotoka nazo hospitali. Alitibiwa kwa mashine ya nje, kwa hiyo nguo zile hazikuwa na chochote. Na hata kama zingekuwa nacho, moto usingesaidia: moto unabadili kitambaa kuwa majivu na moshi, lakini kiini cha atomu haujafika kukigusa. Wangekuwa wameihamishia shida kwenye hewa wanayovuta. Kile kikombe na ile sahani kavirudisheni kabatini, na uende ukamsalimie jirani yenu.

Mama yako sasa. Yeye kweli atakinywa chanzo, na hapa majirani wamepatia nusu.

Wengi mliokulia milimani mnajua marovu ya zamani. Ukinga, huko Makete kwa mama yako, na sehemu nyingine za Nyanda za Juu Kusini zilijulikana kwa ugonjwa huo, kwa sababu mvua za karne na karne zimeosha madini joto kutoka kwenye udongo wa miinuko. Tezi ya shingoni inahitaji madini joto kutengeneza homoni, na ikiyakosa inatanuka ikijaribu kunyakua kila chembe inayopita kwenye damu. Kuanzia miaka ya 1990 chumvi yenye madini joto ilienea, na watoto wa leo hawana shingo zile. Ila kwa mtu aliyeishi na rovu miaka arobaini, ndani ya tezi hiyo huweza kuota vinundu visivyosikiliza amri ya mwili. Vinatoa homoni usiku na mchana, iwe inahitajika au haihitajiki. Huko ndiko kunatoka kukonda, kutetemeka na moyo kwenda mbio. Usimlaumu mtu kwa chumvi. Bila chumvi ile hali ingekuwa mbaya zaidi kwa wengi.

Dawa atakayopewa ni madini joto yaleyale, isipokuwa kiini cha atomu zake si tulivu. Inaitwa iodini-131, kidonge au maji ya kunywa. Tezi haiwezi kutofautisha, inayanyakua kama ilivyozoea, na vile vinundu vyenye pupa ndivyo vinavyojaza zaidi. Kila atomu inapovunjika inatoa vitu viwili. Cha kwanza ni chembe ya beta, isiyofika mbali zaidi ya milimita moja au mbili hivi mwilini. Hiyo ndiyo inayotibu: inaua seli za tezi palepale zilipo, koo na mishipa ya jirani vikipona. Cha pili ni mwale wa gama, ambao unapenya na kutoka nje ya mwili. Huo ndio unaowahusu ninyi wa nyumbani. Si jambo la kujaribiwa kwa mama yako. Daktari Saul Hertz alianza kuwatibu wagonjwa wa tezi kwa iodini yenye mionzi mjini Boston, Marekani, mwaka 1941.

Na betri ya tochi hii inaisha lini? Iodini-131 ina nusu maisha ya siku 8. Yaani siku ya 8 imebaki nusu, siku ya 16 robo, siku ya 24 thumni, na ukiendelea hivyo hadi siku ya 80 imebaki chini ya sehemu moja ya elfu. Mwilini inapungua upesi kuliko hapo, kwa sababu ile ambayo tezi haikuichukua inatoka kwa mkojo, nyingi katika siku mbili za mwanzo, na kidogo kwa mate na jasho.

Basi hatari kwa watoto ina milango miwili. Mmoja ni ukaribu wa muda mrefu, na kulala kitanda kimoja ndiyo mfano wake mbaya kuliko yote: saa nane au tisa, kichwa cha mtoto kikiwa shingoni kwa bibi. Umbali unasaidia kuliko watu wanavyodhani. Ukitoka nusu mita ukasogea hadi mita mbili, mionzi inayokufikia inashuka hadi kama sehemu moja ya kumi na sita. Mtoto akipita, akasalimia, akashikwa kichwa na kubarikiwa, hakuna neno. Alale kwingine tu, na asipakatwe. Mlango wa pili ni kumeza au kushika kilichotoka mwilini mwake: mate kwenye kijiko, mkojo, shuka lenye jasho. Kwako wewe mlango huu ni mzito zaidi. Mtoto wa miezi mitano tumboni tayari ana tezi yake inayovuta iodini, nayo ni ndogo mno, kwa hiyo kiasi kidogo kwake ni kikubwa. Siku hizo usifue nguo za mama, usioshe vyombo vyake, na asiwe wewe wa kumsindikiza Dar. Aende mtu mzima mwingine asiye mjamzito wala hanyonyeshi.

Hospitali watampa karatasi yenye idadi ya siku kulingana na dozi yake. Kwa ugonjwa wa aina hii mara nyingi ni kati ya siku chache na wiki tatu za kujitenga na watoto na wajawazito. Fuateni karatasi hiyo kuliko maneno yangu. Alale peke yake, awe na sahani, kikombe na taulo lake, vyombo vioshwe kwa maji na sabuni kama kawaida, nguo zifuliwe mbali na za wengine. Choo cha shimo hakina tatizo. Amwage maji ya kutosha, asitapanye mkojo sakafuni, anawe mikono vizuri, na atumie hichohicho asije akajisaidia migombani. Anywe maji mengi kama moyo wake unaruhusu. Karatasi ikisha muda wake, watoto warudi kitandani kwa bibi yao, kikombe kirudi kwa wenzake.

Kitu ambacho watu wa huku husahau kuuliza ni safari. Kutoka Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, basi linakesha, na abiria wa pembeni anaweza kuwa mjamzito au amepakata mtoto. Mwambie anayemsindikiza aulize mapema, kabla dawa haijanywewa: anaruhusiwa kusafiri lini na kwa chombo gani? Kama mna ndugu Dar asiye na watoto wadogo nyumbani, akae huko siku chache za mwanzo. Kama uwezo upo, ndege ya kwenda Songwe haifiki saa mbili. Abebe barua ya hospitali mkobani, kwa sababu vipima mionzi vya mipakani na kwenye baadhi ya viwanja vya ndege vinaweza kulia hata wiki kadhaa baadaye, na kumweleza askari bila karatasi ni kazi.

Je, hakuna njia nyingine? Zipo mbili, na daktari alipaswa kuwaeleza. Vidonge kama kabimazoli vinaituliza tezi, lakini kwa rovu la vinundu ukiviacha ugonjwa kwa kawaida unarudi, na vina hatari moja adimu: kuangusha seli nyeupe za damu. Kama mama anavimeza sasa, akipata homa au koo kuuma ghafla apelekwe hospitali siku hiyohiyo kupimwa damu. Pia ulizeni aviache siku ngapi kabla ya mionzi. Njia nyingine ni upasuaji. Kama rovu ni kubwa kiasi cha kubana koo, anakoroma akilala chali au chakula kinakwama, upasuaji huenda ukawa bora, kwa sababu iodini inalipunguza rovu polepole na hailiondoi siku hiyo. Gharama yake ni kisu chenyewe, na mshipa wa sauti unaopita jirani. Kwa mama wa miaka 63 mwenye moyo unaokimbia, na ikiwa rovu halibani, mimi pia ningeelekea kwenye iodini. Ila jiandaeni: wengi baadaye tezi inalala kabisa, na hapo atameza kidonge cha homoni kila asubuhi maisha yake yote. Ni kidonge rahisi kuishi nacho, mradi asikiache na apimwe damu kama atakavyopangiwa. Kama macho yamemtoka au yanawasha na kuuma, wamwangalie kabla ya dawa, maana iodini inaweza kuyazidisha.

Baada ya kunywa dawa, shingo kuuma kidogo kwa siku kadhaa ni kawaida. Lisilo la kungoja ni hili: moyo kwenda mbio kuliko mwanzo pamoja na homa na kuchanganyikiwa, pumzi kubana, au shingo kuvimba haraka. Hapo ni hospitali ya rufaa, usiku au mchana, na tajeni mapema kwamba amekunywa iodini-131 tarehe fulani.

Nimefika kwa kaka yako, na yeye ndiye aliyenifanya nijibu barua yako kabla ya nyingine.

Hicho kisanduku cha njano ni kipima msongamano na unyevu wa udongo. Kwa kawaida kina vyanzo viwili. Kimoja ni sesiamu-137, ambayo miale yake ya gama hupita ardhini: udongo ukishindiliwa vizuri miale michache inapenya, ukiwa mlegevu inapita mingi, na mashine inahesabu. Kingine ni ameriki-241 iliyochanganywa na berili, inayotoa nyutroni. Nyutroni zikigonga hidrojeni ya maji zinapungua kasi, nazo zile za polepole zikihesabiwa unajua udongo una maji kiasi gani. Ni kifaa cha kazi nzuri, kinatumika dunia nzima, na kikiwa kizima, kimefungwa na fimbo yake imerudi ndani, mtu akikibeba muda mfupi hakimdhuru. Lakini kulala nacho ni kujilimbikizia dozi isiyo na faida yoyote, saa nane kila usiku, mwezi baada ya mwezi. Kumbuka yale ya umbali. Nusu maisha ya sesiamu hiyo ni miaka 30, ya ameriki ni zaidi ya miaka 400, kwa hiyo hapa hakuna kusubiri betri iishe.

Aombe vitu viwili kwa msimamizi: beji ya kupima mionzi anayovaa kifuani na stoo ya kufunga kwa kufuli iliyo mbali na vitanda. Hiyo siyo hisani. Sheria ya Nguvu za Atomu ya mwaka 2003 inataka mwenye chanzo awe na kibali cha Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania na awalinde wafanyakazi wake. Wakimzungusha, aipigie Tume. Ina ofisi za kanda, hana haja ya kwenda makao makuu. Na kuhusu wizi, hofu yake ni ya haki, ila sababu si bei ya mashine. Mwaka 1987 mjini Goiânia, Brazili, watu wawili waliingia kwenye kliniki iliyohamwa wakang'oa kichwa cha mashine ya tiba ili wauze chuma chakavu. Ndani yake mlikuwa na unga wa sesiamu unaong'aa rangi ya buluu gizani. Ulivutia, wakagawiana, watoto wakajipaka mwilini. Watu 4 walikufa, 249 walikutwa na sesiamu miilini au juu yao, na zaidi ya 100,000 walipangwa foleni kupimwa. Wanaonunua vyuma chakavu Mbeya na Makambako waijue hiyo alama ya feni, ndiyo onyo la mionzi: kitu chenye alama hiyo hakipigwi nyundo, hakiwekwi kwenye mzani. Wasogee mbali, wazuie watu, wapige simu.

Imebaki ya mtoto, ambayo ni nyepesi na ndiyo ninayoipenda.

Mwambie kwamba hakuna aliyeyapiga mionzi mawe ya Isimila. Waliopima walikuwa wanahesabu mionzi ya asili ambayo vitu vinayo tangu zamani. Hata yeye anayo: mwili wa mtu mzima una potasiamu-40, atomu zaidi ya 4,000 zikivunjika kila sekunde, na ndizi anazokula hapo Tukuyu zinayo pia. Kinachotumika ni ileile hesabu ya nusu na robo. Kilichokuwa hai kina kaboni-14, ambayo nusu maisha yake ni miaka 5,730. Kikifa kinaacha kuingiza mpya, saa inaanza kuhesabu. Tope la chini ya Ziwa Masoko, hapohapo Rungwe, limesomwa hivyo kurudi nyuma zaidi ya miaka 40,000, na mlima Rungwe wenyewe unajulikana kulipuka kwa kishindo takriban miaka 4,000 iliyopita. Ila kaboni ikifika miaka 50,000 hivi imekwisha, haihesabiki. Isimila ni kongwe kuliko hapo. Kwa hiyo hawakupima jiwe, walipima mfupa uliokutwa kwenye matabaka yale. Urani, madini yenye mionzi ya asili, huyeyuka kwenye maji na kuingia mfupani, thoriamu haiyeyuki. Thoriamu-230 yoyote utakayoikuta ndani ya mfupa basi imezaliwa humohumo kutokana na urani, na ukilinganisha mtoto (thoriamu) na mzazi (urani) unapata umri. Mwaka 1972 ulichapishwa umri wa karibu miaka 260,000. Wataalamu huuchukua kwa tahadhari, kwani mfupa si chupa iliyozibwa, maji huweza kuingiza urani nyingine na kuitoa.

Alishike jiwe lake bila wasiwasi, halina la kumdhuru. Lakini hawezi kukaa nalo: Isimila ni eneo la mambo ya kale, na jiwe likishatoka kwenye tabaka lake hakuna anayeweza kulisoma tena. Alifunge kwenye karatasi, aandike aliliokotea sehemu gani ya bonde kama anakumbuka, ampe mwalimu alirudishe.